Benchi la Mlangoni

Walimsomea Mwalimu Zakaria wasifu wake kwenye spika, mrefu huo, mpaka jua likatuhamia sie tuliokaa pembeni ya turubai. Alizaliwa, alibatizwa, alifundisha, alioa, alilea, akaliongoza kanisa letu la Temeke tangu likiwa na kuta za udongo mpaka leo lina vioo vya rangi. Kijana aliyesoma alikuwa na sauti nzuri na suti imemkaa. Nikatega sikio nisikie mwaka ule. Haukuwemo. Waliruka kutoka siku aliyofika Dar es Salaam mpaka siku ya ndoa yake, kama vile hapo katikati mtu alikuwa amelala usingizi tu. Kisha mzee wa kanisa akaiendea ile reli ya zamani, kipande cha chuma cha gari moshi kilichokuwa kengele yetu, ambayo siku hizi wameitundika kwenye nguzo na kuipaka rangi ya fedha. Akaigonga moja moja, kama inavyogongwa mtu wetu anapofariki: ngo, kimya, ngo, kimya. Watu wakainamisha vichwa. Mie nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka, mpaka mkwe wangu akanishika bega. "Mama, vipi, jua?" Nikamwambia ndiyo, jua. Ningemweleza nini pale, katikati ya msiba?

Waliniomba niseme neno, maana sie tuliomjua Mwalimu angali kijana tumekwisha, nimebaki mie na magoti yangu mabovu. Nikasimama, nikasema alikuwa mtu mvumilivu, nikakaa. Wakanipigia makofi. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na mie nikikasirika sipoi mpaka niseme. Basi nasema. Mambo ya kwetu milimani, nani alinizaa na kwa nini tulishuka pwani, nayaacha, hayana kazi hapa. Nataka mwaka mmoja tu, ule ambao kijana wa suti aliuruka.

Mwingereza alikuwa bado anatawala, vita vya dunia vimekwisha juzijuzi, na Temeke ilikuwa shamba zaidi kuliko mji. Mihogo ilikuja mpaka ukutani. Nyumba zilikuwa za udongo na fito, za wenye uwezo zimeezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na mvua ikinyesha humsikii hata mtu uliyelala naye. Nilikuwa nakaribia miaka kumi na saba, nakaa na dada yangu Eunike katika chumba kimoja cha nyumba ya Bi Mwanaidi. Chumba hicho nakijua kuliko ninavyoijua nyumba hii ninayoandikia. Ukiingia, mkono wa kulia kitanda cha kamba cha dada. Chini yake sanduku la bati na mkeka wangu umekunjwa. Dirisha dogo kama la kupitishia paka, linatazama uani, kwa hiyo moshi wa wapangaji wote ulikuwa wetu. Na ukutani, kwenye msumari, koti la Rajabu.

Rajabu ndiye mwanamume aliyekuwa akiishi na dada yangu. Alikuwa kuli wa bandarini, mcheshi, mpole, akirudi na samaki ananiita shemeji hata kabla hajavua viatu. Hawakufunga ndoa, ya kanisani wala ya msikitini. Kila mmoja alimngoja mwenzake ahame upande, hakuna aliyehama, siku zikaenda. Halafu Wazungu wakafungua mashamba makubwa ya karanga huko kusini, wakawa wanachukua watu kwa malori, na Rajabu akaenda. Alisema koti aliache, kusini kuna joto. Hatukupata salamu zake tena. Alikufa, alioa, alipotea, mpaka leo sijui, na kuna miaka nilimwombea na miaka nilimlaani.

Bi Mwanaidi, mwenye nyumba, alikuwa mjane wa Kizaramo, mnene, mweusi wa kung'aa, tambuu haimtoki mdomoni. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na sie Wakristo wa bara alituona kama watoto waliokosea njia lakini wana adabu. "Nyie watu wa bara," alikuwa akisema, "hamjui kupika wali, hamjui kuoga kwa karafuu, na Mungu wenu mnamwita kwa chuma." Alimaanisha reli ile. Ilikuwa imetundikwa kwenye mkorosho mbele ya kanisa, si mbali na kwetu, na kila Jumapili Mwalimu Zakaria aliigonga kwa fujo, ngo-ngo-ngo-ngo, mpaka kuku wanaruka. Mwalimu alikuwa kijana bado, mwembamba, kanzu imemzidi. Hakuwa mchungaji. Alikuwa mwalimu wa kanisa, wa kufundisha na kuongoza sala. Mchungaji tulikuwa naye mmoja, na vituo vyake vilitapakaa mpaka ndani kabisa huko Kisarawe, anavizunguka kwa baiskeli. Akija kwetu ni sikukuu. Akiondoka, hatujui lini tena.

Sasa niseme habari ya benchi, maana vijana wa leo hawaijui. Zamani kanisani kwetu, mtu akiishi na mwenzake bila ndoa alitengwa. Hakufukuzwa, hapana. Aliruhusiwa kuja, ila alikaa kwenye benchi la mlangoni, peke yake, na Meza ya Bwana ikitandikwa alitoka nje akangoje. Akitubu, mchungaji humuuliza maswali, na akiridhika, humshika mkono mbele ya watu wote na kumtembeza kutoka mlangoni mpaka mbele. Safari fupi, wala hupati nafasi ya kupiga chafya. Lakini niliwaona watu wazima, wanaume wenye ndevu, wakiitembea wakilia kama watoto. Mwalimu au mzee wa kanisa hakuwa na ruhusa ya kumtembeza mtu. Ni mchungaji peke yake. Na aliyekufa kabla hajarudishwa alizikwa kimya: kengele haigongwi, ibada haisomwi, watu hawaitwi.

Dada yangu alikaa kwenye benchi lile tangu Rajabu yupo, na Rajabu alipokwisha kuondoka akaendelea kukaa. Mie nilitakiwa kukaa mbele na wasichana wenzangu. Sikwenda ng'o. Nilikaa naye mlangoni, nimewanunia wote. "Nenda mbele, Foibe," ananinong'oneza. "Siendi." "Nenda, wewe hujatengwa." "Nimejitenga." Anacheka, halafu kicheko kinageuka kikohozi, na kikohozi hakikomi. Ndivyo ulivyoanza mwaka ule, kwa kicheko kilichogeuka kikohozi.

Tulikuwa tunakaanga mihogo barazani alfajiri, tunawauzia wanaume wanaokwenda bandarini. Dada alipoanza kukohoa wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Hawakusema neno baya. Waliamkia vizuri tu, "Hujambo dada," wakapita. Mafuta yakawa yanapoa na mihogo ndani yake. Unga nao ulikuwa wa taabu, tunapanga foleni kwa ule unga wa njano uliotoka ng'ambo, mchungu, una wadudu, na ugali wake ukipoa haukatiki. Hospitali ya mjini walimsikiliza kifua, wakampa dawa ya chupa, wakamwambia apumzike, ale mayai na anywe maziwa. Tulirudi kwa miguu. Njiani dada akasema, "Mayai na maziwa, Foibe. Umesikia? Na mkate wa siagi, walisahau kusema." Nikacheka. Siku hiyo tulilala kwa uji mwembamba unaona sufuria chini yake.

Jioni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, na jioni ndiyo ilikuwa na kitu kimoja ambacho sasa, uzeeni, nakiona kilinishika nisianguke, ingawa wakati ule nilikichukia. Hatukuwa na saa. Adhana ya magharibi ikilia, Bi Mwanaidi huingia chumbani kwake kuswali, na dada naye hunivuta mkono tukaingia kwetu. Anakaa kitandani, mie nimekaa mkekani, ananena maneno yaleyale kila siku: "Bwana, leo tumefika. Kesho utatufikisha au hutatufikisha, lakini tuko kwako." Basi. Haombi kupona. Haombi Rajabu arudi. Haombi hata unga. Nilikuwa nakereka mpaka najisikia kupiga ukuta. Siku moja nikamwuliza, "Kwa nini humwombi chochote? Unamwogopa?" Akanitazama na yale macho yake yaliyokuwa yanazidi kuwa makubwa kadiri uso unavyokwisha. "Nimeshaomba sana, Foibe. Sasa namwarifu tu tulipo, asije akatutafuta." Mie nilikuwa nimeacha kusali zamani. Nilikuwa nakaa pale kimya, nikihesabu fito za darini, nikimwambia Mungu moyoni, wewe na mie basi.

Mchungaji alikuja wakati wa kiangazi, vumbi limemfika nyusi. Dada alijifunga kanga safi, akajipaka mafuta midomo iliyopasuka, akaenda kuulizwa. Maswali yalikuwa ndani ya kanisa, mlango umerudishwa, mie nikabaki nje chini ya mkorosho. Ukuta ule wa udongo ulikuwa na nyufa, nilisikia yote. Alimwuliza kama anajuta. Anajuta. Kama anaamini. Anaamini. Kama yuko na mwanamume sasa. Hayuko. Sauti ya mchungaji ikawa inalainika, nikajua imekwisha, leo dada yangu anashikwa mkono. Halafu akauliza, nadhani ni la kumalizia tu, "Na huyo bwana akirudi leo, utamfungulia mlango?"

Nikasikia dada anakohoa.

"Sijui, Mchungaji."

"Hujui?"

"Najua," akasema dada yangu. "Nitamfungulia."

Mchungaji hakuwa mtu mkatili, naomba nieleweke, alikuwa mzee aliyechoka, na njia aliijua ile moja aliyofundishwa. Nilimsikia anashusha pumzi. "Basi bado, binti yangu. Bado kidogo. Nitakuuliza tena nikija."

Njia nzima nilimgombeza. Watu wanasimama wanatutazama, sijali. "Si ungesema hapana! Neno moja! Rajabu mwenyewe yuko wapi? Unamfungulia nani? Ungesema hapana leo ungekuwa mbele!" Alikuwa anatembea polepole, ameshikilia ukuta wa nyumba za watu. "Ningekuwa mbele na uongo wangu mapajani," akasema. "Kila mtu anausikiliza wimbo, mie nausikiliza uongo wangu. Afadhali mlangoni." Nikamwambia mlangoni ni nje. Akasimama, apate pumzi, akaniangalia kama ninavyomwangalia mjukuu wangu anapojibu hesabu vibaya. "Kwani mlango si wa nyumba hiyohiyo?" Nilikuwa nalia kwa hasira. Tulipofika, Bi Mwanaidi alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka, akatutazama usoni mmoja mmoja. "Wamekukataa?" Dada akasema, "Wameniambia bado." "Bado," akasema Bi Mwanaidi, akatema tambuu yake mbali. "Mtu anakohoa hivi anaambiwa bado." Akaingia ndani akatuletea bakuli la mchuzi wa nazi, na siku ile tulikula tukashiba.

Baada ya hapo mambo yalishuka, na sina namna nzuri ya kuyasimulia. Damu ilianza. Wapangaji wawili walihama. Mafundo ya mgongo wake niliyaona yote nilipokuwa namwogesha, na alikuwa mwepesi, namnyanyua kama ndoo. Jumapili hakuweza tena kwenda. Reli ikigongwa, anageuza uso kwenye dirisha lile la paka, anasikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Haya, waanze." Watu wa kanisa walikuja mwanzoni, wakaleta mchicha, wakaleta kuni. Kisha wakapunguza. Siwalaumu sana, kifua kiliogopwa, na walikuwa na watoto. Mwalimu Zakaria peke yake hakupunguza. Alikuja kila wiki, anakaa kizingitini, anaeleza nani amezaa, nani amepata kazi, ubishi gani umetokea kwenye kwaya. Hakumhubiria hata mara moja. Akiondoka dada humwuliza, "Mchungaji?" Naye husema, "Bado hatujapata habari." Masika yalikuwa yameanza. Mto umejaa, madaraja ya magogo yamechukuliwa na maji, baiskeli haipiti. Kanisa zima lilikuwa linamngoja, kuna watoto hawajabatizwa, kuna harusi imekwama. Kila mtu anauliza, mchungaji? Bado.

"Akiniuliza sasa," dada aliniambia siku moja, "nitamwambia simfungulii. Na haitakuwa uongo. Nitanyanyuka vipi mpaka mlangoni?" Akacheka yeye, mie nikatoka nje. Nilikaa uani kwenye mvua, mgongo kwenye kinu, nikatamani nife mie kwanza. Naliandika hivihivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikumwona Mungu pale uani. Niliona matope, na kuku mmoja amelowa.

Alifariki asubuhi. Nilikuwa namlisha uji, akaonja akasema, "Wa moto bado." Nikaupuliza kijikoni. Nilipuliza vizuri, nikaugusisha mdomoni mwangu kuhakikisha, nikamgeukia, na dada yangu hakuuhitaji tena. Nilibaki na kile kijiko mkononi sijui nikiweke wapi.

Bi Mwanaidi ndiye aliyeingia akanichukua kile kijiko. Ndiye aliyechemsha maji, na tukamwosha yeye na mie, kwa karafuu, kama wanavyofanya wao, sikuwa na nguvu ya kusema kwetu tunafanyaje. Mwalimu Zakaria akaja. Alisimama uani kwenye matone, kofia mkononi, na Bi Mwanaidi akamtokea mlangoni amejishika kiuno. Nilikuwa ndani, nasikia.

"Mwalimu, mnamzika saa ngapi?"

"Alasiri, Bibi. Makaburini kwetu, nyuma ya kanisa. Nimeshachimba na wenzangu wawili."

"Kwa hiyo mtakuja wote, na nyimbo zenu."

Mwalimu akaigeuza kofia mkononi. "Nitakuja mimi, Bibi, kama jirani. Ibada sina ruhusa. Mchungaji hakumrudisha."

"Mchungaji si yuko ng'ambo ya mto?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na huyu naye amekwisha kuvuka wake." Akashusha mikono kiunoni. "Haya, Mwalimu. Mie si dini yangu, sisemi kitu." Lakini sauti yake ilikuwa imesema tayari. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona Mwalimu anajifuta uso, na mvua ilikuwa imekatika.

Wanaume wa mtaani ndio waliombeba, Waislamu wote, wale wale waliokuwa wakipita upande wa pili wa njia. Walikuja wenyewe, bila kuitwa. Kwao maiti haiachwi. Wakamlaza juu ya kitanda chake kilekile cha kamba, tukamfunika kanga, wakainua, wakawa wanapokezana kwa haraka kama desturi yao. Nyuma yao Mwalimu, nyuma ya Mwalimu mie, na Bi Mwanaidi ananishika kiwiko. "Nakusindikiza mpaka kwenye chuma chenu," alisema. "Makaburini siendi, kwetu wanawake hatuendi." Tukafika kanisani. Njia ya makaburini inapita palepale, kati ya mlango na mkorosho. Bi Mwanaidi akasimama, maana hapo ndipo mwisho wake. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna mtu. Mlango umefungwa, maji yanachuruzika kutoka kwenye majani.

"Watu wako wapi?" akauliza kwa sauti, wala hakumwuliza mtu. "Kila Jumapili mnatuamsha na chuma hiki, hata mgonjwa halali. Leo mwenzenu kafa, ndio kimenyamaza?"

"Bibi," akasema Mwalimu.

"Wee niache." Na kabla hatujajua anakwenda wapi, Bi Mwanaidi alikwisha kuinua nondo iliyokuwa ikiegemezwa kwenye shina, akaichapa reli. Alikuwa anaujua mlio mmoja tu, ule wa Jumapili. Sie tulikuwa wachache na vijana, tangu kanisa lile lijengwe alikuwa hajasikia ikigongwa ya msiba hata mara moja. Basi akagonga anavyojua, ngo-ngo-ngo-ngo-ngo, kwa mkono wote, ushungi umemwanguka mabegani, tambuu inamchuruzika kidevuni, ngo-ngo-ngo-ngo, kama harusi. Waliombeba dada wakasimama, wakakishusha kitanda chini polepole. Mwalimu angeweza kumnyang'anya ile nondo. Alikuwa karibu. Aliinua mkono, nikauona, halafu akaushusha.

Wakaanza kuja. Kengele ya ibada siku ya kazi, alasiri, tena katikati ya masika: kila mmoja aliwaza jambo moja, mchungaji amevuka! Wakaja mbio. Mama mmoja wa kwaya alikuja na kiatu kimoja mguuni, kingine kwapani. Wakaja waliobeba watoto wa kubatizwa, wamewafunga nguo nyeupe. Bwana harusi aliyekwama akaja na koti lake. Nywele zimelowa, vitabu vya nyimbo vimefunikwa na majani ya mgomba, nyuso zimechangamka, wanaulizana, yuko wapi, yuko wapi? Wakafika pale mkoroshoni wakaona kitanda. Wakaiona kanga, wakajua ni nani. Hakuna aliyeondoka. Ningependa kusema ni kwa upendo, lakini nadhani wengine ni kwa aibu tu, na wengine mvua ilikuwa inarudi.

Bi Mwanaidi akaacha kugonga, anahema. "Haya," akasema. "Si hawa wamekuja?"

Wote wakamgeukia Mwalimu Zakaria. Kijana yule wa watu, ajira yake na nyumba aliyolala vyote vilikuwa vya misheni, alisimama pale akamtazama kila mtu. Halafu akaingia kanisani. Alipotoka alikuwa amevaa kanzu yake ya ibada, ile iliyomzidi, na akaifungua milango yote miwili. "Kengele ya ibada imelia," akasema. "Mwingizeni."

Wanaume wakainua kitanda. Hawakuwahi kuingia mle, hawakujua desturi. Walipovuka kizingiti wakasimama karibu na benchi la mlangoni, benchi la dada yangu, wakageuka. Mmoja akauliza, "Tumweke hapa?"

"Hapana," akasema Mwalimu. "Mbele. Mbele kabisa."

Wakamtembeza. Niliwafuata nyuma, nimeshika mguu wa kitanda, nikaona mabenchi yanapita, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo nuru iliniwakia. Nilirudi kwenye chumba kile, nikalishusha koti la Rajabu, na pale lilipokuwa pakabaki alama safi ukutani yenye umbo la mabega. Kaburi lilititia kwa mvua, tukalijaza, likatitia tena. Njaa haikujua kwamba nina msiba. Lakini jioni adhana ilipolia, Bi Mwanaidi akaingia kwake, na mie miguu ikanipeleka kwangu, nikakaa pale mkekani, mdomo ukasema wenyewe, Bwana, leo tumefika. Nikajishangaa. "Tumefika" nani, na nipo peke yangu? Nimeisema hivyo kila magharibi tangu siku ile, sijabadilisha, na kuna miaka ndiyo imani yote niliyokuwa nayo, sentensi hiyo moja.

Mto ulipopungua mchungaji akaja, akaambiwa. Mwalimu Zakaria hakujitetea. Akaondolewa kufundisha kwa muda, akatengwa. Jumapili iliyofuata niliingia kanisani nikamkuta ameketi kwenye benchi la mlangoni, mikono magotini, macho mbele. Nikakaa kando yake. Wimbo ulipokwisha akainama kidogo, akaninong'oneza, "Hapa kuna upepo mzuri kuliko kule." Ni hapo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu kijiko kile. Alikaa mlangoni mpaka mihogo ya mwaka ule ikang'olewa, na siku aliposhikwa mkono akatembezwa mbele, nilimwona anatazama chini, pale kitanda kilipopita.

Huo ndio mwaka walioruka. Nimeshawaita wanangu, nimewaambia: siku yangu ikifika, reli ile isigongwe moja moja. Igongwe ya Jumapili, kwa mkono wote. Mwanangu mkubwa akasema, "Mama, watu watadhani ni ibada, watakuja mbio na vitabu." Nikamwambia ndiyo, waje.